Vikinga Upepo vya Chausiku

Chausiku alidhani chai imemmwagikia kwa haraka zake za asubuhi. Akapiga funda jingine, nalo likatoka pembeni mwa mdomo upande wa kushoto, likateremka kidevuni na kuingia kwenye shingo ya gauni. Akacheka mwenyewe. Hapo ndipo alipomwona mama yake, Bi Hadia, ameacha kumenya viazi, kisu kimemganda mkononi.

"Chausiku, hebu nitazame vizuri."

"Kuna nini, mama?"

"Cheka tena."

Akacheka tena, safari hii bila raha. Bi Hadia akaweka kisu chini na kumwita mkwewe kwa sauti ambayo Chausiku hakuwa ameisikia tangu siku ya msiba wa baba yake. Khalfani, mume wa Chausiku, akatoka chumbani shati halijafungwa vifungo. Akamtazama mkewe, vidole vikaachia kifungo. Kumwona hivyo ndiko kulikomtia Chausiku hofu ya kwanza. Akachukua simu, akafungua kamera, akajiona.

Nusu ya uso ilikuwa yake. Nusu nyingine ilikuwa imelala, shavu limeshuka, mdomo umevutwa upande wa kulia, na jicho la kushoto limemkodolea kama jicho la mtu asiyemjua. Akajaribu kulifumba. Akakaza mpaka jicho la kulia likajaa mikunjo, lakini la kushoto likabaki wazi, mboni imepanda juu na weupe ukionekana.

"Upepo huo," Bi Hadia akanong'ona. "Mwanangu kapigwa na upepo."

"Upepo upi, mama? Wa barabarani au ule mwingine?"

"Wote upepo. Wewe si unashinda barabarani kifua wazi?"

Chausiku alikuwa fundi wa vyerehani. Mguu wake wa kushoto ulidhoofu kwa polio angali mtoto mdogo, akawa anatembelea gongo. Zamani alikuwa akikaa kibarazani kwao Mwananyamala kungoja washonaji wamletee mashine mbovu. Alipopata pikipiki ya matairi matatu, moja mbele na mawili nyuma, yenye breki zote mkononi na boksi la vifaa nyuma ya kiti, ndipo alipoijua Dar es Salaam. Akawa anawafuata washonaji hukohuko waliko, Kawe, Kipawa, mpaka Mbagala. Ila pikipiki ile haikuwa na kioo wala paa. Upepo wote wa njiani ulikuwa wa kifua chake na uso wake. Alikuwa akifika aendako macho mekundu, masikio yanavuma, vidole vina ganzi, na alikuwa ameshazoea.

Lakini asubuhi ile hakuwa akiwaza upepo. Alikuwa akiwaza kiharusi. Baba yake kilimwanza vivyo hivyo, mdomo ulipinda asubuhi, na jua lilipokuwa linazama mwili mzima ulikuwa hauna habari. Chausiku aliketi kwenye mkeka akichezesha vidole vya mguu wa kulia, akivitazama mmoja mmoja, huku mumewe na mama yake wakibishana juu ya kichwa chake. Bi Hadia alitaka kwanza aje mtu wa kumsomea. Khalfani alitaka hospitali.

"Nisomeeni njiani," Chausiku akasema, na maneno yakatoka yamebondeka, kama mtu mwenye ugali mdomoni. Kuisikia sauti yake ilivyobadilika, jasho jembamba likamtoka. "Twendeni hospitali."

Daktari waliyemkuta aliitwa Auleria, mama wa makamo, mpole lakini asiyezungusha maneno. Alimwambia Chausiku ainue nyusi, atabasamu, apulize mashavu, amkamate vidole na kuvibana kwa nguvu zake zote. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Sioni dalili ya kiharusi, mama. Mikono yako ina nguvu sawa, na hata paji la uso upande huu limelala, haliwezi kukunjika. Kwenye kiharusi mara nyingi paji husalimika. Hapa uliopata shida ni mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Umevimba."

"Ni upepo, daktari?" Bi Hadia akadakia.

"Watu wengi husema hivyo, bibi. Mara nyingi tunadhani ni virusi. Upepo siwezi kuusingizia." Akamgeukia Chausiku. "Utakunywa dawa hizi. Wengi hupona, wengine mapema, wengine baada ya miezi. Mimi ninachokihofia ni jicho. Halifumbi, kwa hiyo halijifuti, halijilindi. Likikauka, likipigwa na vumbi na upepo, kile kioo chake cha mbele kitapata kidonda. Kidonda kikiacha kovu, huoni tena vizuri. Na hilo halitarudi hata uso ukirudi. Unafanya kazi gani?"

Chausiku akamwambia. Akamwambia pia anavyosafiri.

Daktari akaweka kalamu chini. "Ungekuwa binti yangu, ningekwambia pikipiki iache kwanza."

Chausiku alikaa nyumbani mpaka alipomaliza dawa. Alijitia matone ya jicho kila mara, na wakati wa kulala Khalfani alimfunga kope kwa plasta, taratibu, akishikilia pumzi kama anayepaka rangi ukingo wa kikombe. Uso haukurudi. Sikio la kushoto nalo likawa linasikia kupita kiasi. Kijiko kikigonga sahani, yeye alishtuka kama aliyegongewa debe sikioni. Wateja walipiga simu, na simu zikaanza kupungua. Akatoka.

Alivaa miwani mikubwa ang'avu ya mafundi, ile ya kubana. Ilijaa ukungu kabla hajatoka Mwananyamala, akawa haoni mbele. Akaivua akavaa ya kawaida ya jua. Upepo ukapita chini yake, ukapanda, ukamwingia palepale alipoambiwa usimwingie. Alipofika Kawe kwa Tusajigwe, mshonaji wa sare za shule na rafiki yake wa siku nyingi, machozi yalikuwa yakimchuruzika shavu zima.

"Dada Chau, unalia?"

"Silii. Jicho tu."

Akafungua cherehani, akainama kutazama ndoano inapokutana na sindano, mahali ambapo tofauti ya unywele mmoja hufanya uzi ukatike. Akaona sindano mbili. Akapepesa jicho moja, lile linalopepeseka. Zikabaki mbili. Akakaa vile ameinama, akijifanya anatafuta bisibisi, moyo ukimdunda mpaka kwenye lile sikio bovu. Mguu ulichukuliwa hajui hata jina lake, hakuwahi kuulilia. Jicho alilijua. Bila jicho, yeye si fundi, hana pa kwenda na pikipiki wala pa kutoka nayo.

Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sare akamtazama usoni, akamvuta mwanawe nyuma ya gauni lake. Chausiku aliona.

"Tusa," akamwambia rafiki yake mteja alipoondoka, "mie nitapofuka."

Tusajigwe hakumbembeleza. Alitoka nje akaizunguka pikipiki, akarudi. "Shida si upepo kukuvaa usoni? Bajaji zina kioo. Hii kwa nini isiwekwe? Nenda kwa fundi akuwekee kitu cha kuukinga."

Fundi alikuwa Polikarpo, mchomeleaji wa palepale Mwananyamala, mtu wa Bukoba asiyejua kusema haiwezekani. Akamsikiliza Chausiku, akapima kwa viganja, akakuna kichwa. Alikuwa na plastiki ngumu, ang'avu kama kioo, iliyobaki kwenye kazi ya kibanda fulani. Akaikata ubao mpana wa mbele uliopanda kupita kichwa cha Chausiku, na mabawa mawili ya pembeni ya kukinga mikono na magoti. Akavifunga vyote kwenye usukani kwa vyuma na nati.

"Dada, humo ndani ni kama umekaa sebuleni," akasema kwa fahari.

Na kweli. Chausiku alipozunguka mtaa, hewa ilitulia usoni mwake. Jicho halikutoa chozi. Kwa mara ya kwanza alisikia injini yake inavyonguruma, kumbe siku zote alikuwa akisikia upepo tu. Alifika nyumbani vidole vina joto, akamwambia mama yake, "Nimepata dawa," na Bi Hadia akasoma dua akaipulizia ile plastiki pande zote.

Kesho yake mchana akaelekea Kawe. Ilikuwa miezi ya upepo wa kusi, na barabara ikishaacha majumba kuna mahali peupe ambapo upepo wa bahari hupita bila kuzuiwa. Alipofika hapo alihisi usukani unavutwa kushoto. Akaurudisha. Ukavutwa tena, kwa ukorofi, kama kuna mtu kaushika upande wa pili. Akapunguza mwendo. Nyuma yake likaja lori la mchanga, honi yake ikamchoma lile sikio la kushoto mpaka kichwani, likampita kwa kasi.

Kwanza lori lilimkinga na upepo, usukani ukawa mwepesi ghafla, pikipiki ikakimbilia kulia kulifuata lori. Akavuta kushoto kwa nguvu zote. Palepale lori likawa limepita, na upepo ukarudi wote kwa mkupuo. Ile plastiki pana ikaupokea kama mlango uliopigwa teke. Usukani ukamchomoka mkono mmoja. Aliona lami, akaona mtaro, akaona miti ya pembeni inalala. Tairi moja la nyuma likainuka. Alilihisi kiunoni kwamba halipo chini. Alitaka kupiga kelele, mdomo ukagoma kufunguka upande mmoja, ikatoka sauti asiyoijua.

Pikipiki ikajichimbia kwenye chungu ya mchanga wa mjenzi pembezoni mwa mtaro, ikazimika.

Hakuumia. Lakini mikono ilikuwa imeng'ang'ania breki na haikutaka kuachia. Vijana wa bodaboda wakaja mbio.

"Sista, uko poa? Sista!"

Akageuza uso kuwajibu. Aliyekuwa mbele akarudi nyuma hatua nzima.

"Oya, huyu kapooza! Kapata kiharusi hapahapa! Iteni bajaji, awahishwe!"

"Sijapooza," Chausiku akajitahidi. "Uso ulikuwa hivi tangu zamani."

Hawakumwelewa. Watu wakazidi kujaa, kila mmoja akimwinamia na kumtazama mdomo, mmoja akisema amwagiwe maji, mwingine akisema asiguswe. Chausiku akaanza kuwaza, je, kama wanasema kweli? Je, kama hiki sasa ndicho chenyewe, kile cha baba? Akachezesha vidole vya mguu wa kulia ndani ya kiatu. Vilikuwepo. Ndipo akaanza kulia, na safari hii ilikuwa kulia kwelikweli.

Khalfani alikuja kumchukua, na pikipiki ikarudishwa nyumbani juu ya kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Ikaegeshwa ukutani. Chausiku hakuitazama. Usingizini alilihisi lile tairi likiinuka, akashtuka ameshika shuka kwa mikono miwili. Akitoka uani, akisikia lori linapita mbali huko barabara kubwa, alirudi ndani. Tusajigwe alipopiga simu, Chausiku akamwambia anaumwa.

Ndipo Polikarpo alipokuja mwenyewe, kofia mkononi, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kwenye msiba.

"Hodi wenyewe. Shikamoo mama."

"Marahaba," Bi Hadia akamjibu, bila kumkaribisha kiti.

"Dada Chausiku, nimekuja kusema kosa ni langu. Nilifunga kwenye usukani kwa kuwa ndiko kulikokuwa rahisi. Upepo ukipiga plastiki, unapiga usukani. Tena niliifanya kubwa mno, nikitaka nikufurahishe. Nimekuja kuitoa."

"Itoe," Khalfani akasema. "Na pikipiki tutaiuza."

Chausiku alikuwa amekaa na kitambaa jichoni. Alikuwa na hofu mbili na hakujua ipi ianze. Akiirudisha pikipiki barabarani na ile plastiki, atakufa. Akiirudisha bila plastiki, jicho litakwenda. Akiiacha ukutani, atabaki na jicho na uhai, amekaa kibarazani na uso ambao hakuna mtu anayetaka kuutazama. Hii ya tatu ndiyo iliyomtisha kwa namna aliyoshindwa kuieleza.

"Fundi," akauliza, "huwezi kuifunga kwenye fremu? Isiuguse usukani kabisa?"

"Mke wangu," Khalfani akasema.

"Nauliza tu."

"Inawezekana," Polikarpo akajibu, akimtazama Khalfani kwa woga. "Kwenye fremu upepo utausukuma mwili wa pikipiki, ambao ni mzito. Usukani utabaki wako. Na nitaikata. Isikufike hata machoni, uone kwa juu yake. Ikilazwa nyuma kidogo, upepo utapanda na kukuruka."

"Utanirukaje bila kunipiga jichoni?"

Polikarpo akapitisha kiganja hewani, kana kwamba angeugusa. Upepo hauonekani. Chausiku akafikiri. Akaenda kwenye sanduku lake la vifaa, akatoa kibunda cha uzi mwekundu.

Wakaanza na katoni, si plastiki. Polikarpo alilichomeka kwenye vyuma vipya alivyochomelea kwenye fremu. Chausiku akabandika vipande vifupi vya uzi kwenye helmeti, kwenye kola, mabegani, na mbele ya shavu la kushoto. Khalfani, ambaye bado hakuwa amekubali, akakaa nyuma ya bodaboda ya jirani ili aende ubavuni mwake na kuangalia upepo unavyozilaza nyuzi. Wakaenda kwenye uwanja mpana palepale Mwananyamala, asubuhi, upepo haujachangamka.

Chausiku aliwasha injini akakaa. Akakaa sana.

"Tunaweza kurudi nyumbani," Khalfani akamwambia kwa upole. "Hakuna atakayekucheka."

"Najua. Ndiyo maana nataka kuondoka kabla sijakubali."

Akaondoka. Alikwenda mwendo wa mtu anayetembea, kisha wa baiskeli. Khalfani alipiga kelele kutoka pembeni, "Za kola zimelala! Ya shavuni inacheza!" Polikarpo akalipunguza katoni upana wa kidole kimoja. Wakarudia. "Bado inacheza!" Akalilaza nyuma zaidi. Uzi wa shavuni ukazidi kuruka kama wazimu. Kumbe upepo ulikuwa ukipita kwa chini na kuviringika nyuma ya katoni. Wakaacha uwazi mdogo chini, hewa ipite, wakatenganisha mabawa ya pembeni na kipande cha mbele. Jua lilikuwa limeshapanda walipomsikia Khalfani akiita kwa sauti nyingine kabisa.

"Umetulia! Chausiku, uzi umetulia! Wa helmeti tu ndio unaoruka!"

Siku Polikarpo alipofunga plastiki yenyewe kwa kipimo cha lile katoni, Chausiku alijua hakuna kisingizio tena. Ilibidi apite pale peupe. Khalfani alimfuata kwa bodaboda, mbali kidogo. Upepo ulimpiga ubavuni, pikipiki ikayumba. Lakini usukani haukuvutwa. Nyuma akasikia ngurumo. Hakuwa na haja ya kugeuka kujua ni lori. Sikio lilimwambia. Akataka kufunga macho, na moja kati ya hayo halifungi, kwa hiyo akaona kila kitu. Aliona ubavu wa lori ukipita, kamba za turubai, matairi yake marefu kama mlango. Upepo ukakatika, ukarudi. Pikipiki ikatikisika nzima, kama mnyama anayejipangusa maji, ikaendelea na njia yake.

Akasimama mbele, akavua helmeti, akatapika pembeni ya barabara. Khalfani akamshika mgongo.

"Tumemaliza," akasema Khalfani.

"Bado kurudi," akajibu Chausiku, akijifuta mdomo.

Jicho lilikwenda kutazamwa tena. Daktari Auleria alilitia dawa ya njano, akazima taa, akammulika kwa mwanga wa buluu, na muda wote huo Chausiku hakuwa na hofu ya lori wala ya kitu kingine duniani, ila ya kile ambacho yule mama angekisema akimaliza kutazama.

"Kuna mikwaruzo midogo huku chini," daktari akasema. "Imeanza kupona. Kidonda hakuna. Umelitunza vipi?"

Chausiku alitaka kumweleza habari za nyuzi na katoni, akashindwa kuanza. Akasema, "Nimelikinga."

Uso ulirudi kidogo kidogo, kama mgeni asiye na uhakika na nyumba. Ulianza kwa kutekenya chini ya jicho, kisha kope ikashuka nusu, kisha ikafumba. Mdomo haukurudi wote. Akicheka sana upande wa kushoto huchelewa, na wanaomjua wameshazoea kuungoja. Bi Hadia anaamini ni dua. Khalfani anaamini ni dawa. Polikarpo amejipatia jina mtaani, na walemavu wawili wenye pikipiki kama ile wameshamfuata wawekewe vikinga upepo. Mmoja wao, Twalib wa Kipawa, alitaka kipana cha kupita kichwa, na Chausiku alimketisha akamsimulia habari ya mtaro mpaka yule bwana akaomba maji ya kunywa.

Woga wenyewe haujaisha. Siku ambazo kusi inavuma kwa nguvu, Chausiku akifika pale peupe na kusikia lori nyuma, huwasha taa ya pembeni, akaegesha, akaliacha lipite. Madereva wa bodaboda wa eneo lile wanamfahamu sasa. Humpungia mkono wakipita, naye huwapungia, mkono mwingine ukiwa bado umebana breki.